Fauli Ambayo Refa Hakuona

Wasee, wacha niwaambie vile nilianza kusoma historia bila mtu kunilazimisha.

Ilikuwa Jumamosi usiku, tuko base yetu ya pool hapa Githurai, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kupoteza stima. Meza mbili za pool zimekaa gizani, hakuna anayeona shimo. Basi tukajikusanya watu wanne kwa simu moja yenye chaji, tukaanza kuangalia snooker. Si pool. Snuka yenyewe, ile ya watu wamevaa vizibao na tai za kipepeo, na meza inayokaribia ukubwa wa bedsita yangu.

Tulikuwa mimi, Fundi, anayetengeneza simu pale stage, Mhasibu, dem anayesomea CPA madarasa ya jioni, na Guka, mzee wa karibu miaka 70 anayetunza zile meza. Guka ndiye hupanga mipira, huuza chaki, na hutufukuza saa nne usiku.

Kwa simu kuna mchezaji amefichwa. Mpira mweupe uko nyuma ya ule wa njano, na anatakiwa agonge mwekundu kwanza. Hana njia ya moja kwa moja. Akapiga ukutani mara mbili, mweupe ukazunguka meza yote, ukapita kando ya mwekundu na nafasi ya unywele. Refa akatangaza fauli na kukosa. Mpinzani akapewa pointi 4. Halafu refa akauchukua mpira mweupe, akaurudisha pale pale ulipokuwa, akaangalia kwenye skrini ahakikishe hata sentimita moja haijapotea, na jamaa akaambiwa arudie.

Akarudia, akakosa tena. Pointi 4 zingine. Mpira ukarudishwa tena.

Fundi akashindwa kuvumilia. "Buda, huyu refa anaonea! Si ameona jamaa amejaribu? Unaadhibiwa mara mbili kwa kosa moja? Hiyo ni sheria ya nani?"

Mhasibu akasema labda ni ya kupoteza wakati ili matangazo yapite. Mimi nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ni kwa sababu hakugusa ukuta mara ya kutosha. Nilikuwa nadanganya. Sikujua chochote.

Guka ndiye alitutoa gizani, na alianza na swali. "Tuseme mimi ndio nimekuficha. Kwa meza kuna pointi sabini zinaningoja ukikosea kuuweka ule mweupe. Wewe utachagua nini? Unilipe nne, ama uniachie mlango wazi nichukue sabini?"

Fundi akafikiria. "Nitakulipa nne."

"Basi. Utapiga kando kidogo tu, makusudi, useme pole, ulipe nne, ulale salama. Kila mtu angefanya hivyo. Kwa hivyo sheria inasema hivi: kama refa haoni umejaribu kadiri ya uwezo wako wote, kulipa haitoshi. Mwenzako anaweza kuomba mipira irudishwe, na wewe urudie ile shida yako."

Mhasibu akaelewa haraka kuliko sisi. "Ni kama faini ya kuegesha gari. Faini ikiwa ndogo kuliko faida, watu wataendelea kuegesha vibaya, wanahesabu tu kama gharama."

"Lakini refa anajuaje nia ya mtu?" Fundi akauliza.

"Hajui," Guka akasema. "Ndiyo maana anarudisha mpira."

Hilo jibu lilikaa kwangu wiki nzima. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa shida, ndiyo, lakini hata nilipokuwa nayo sikuwa naenda darasani, na hiyo sehemu ya pili huwa siitaji watu wakiniuliza. Nasema karo, naishia hapo. Kwa hivyo habari ya sheria inayouliza "je, ulijaribu kweli?" ilinigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa. Nikaanza kutafuta: nani aliketi chini akaandika vitu hivi?

Kwanza hesabu, ili twende pamoja. Kwenye snuka kuna mipira 15 myekundu, kila mmoja pointi 1. Halafu kuna rangi sita: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, mweusi 7. Unaingiza mwekundu, halafu rangi yoyote unayotaka, ile rangi inarudishwa mahali pake, unatafuta mwekundu mwingine. Myekundu ikiisha, unaingiza rangi kwa mpangilio kutoka njano hadi mweusi. Ukichukua mweusi baada ya kila mwekundu unapata 15 mara 8, yaani 120, ongeza 27 za rangi za mwisho. Hiyo ndiyo 147 maarufu. Fauli ni pointi 4 kwenda juu: ukikosea na bluu ni 5, pinki 6, mweusi 7.

Sasa historia. Hadithi yenyewe inaanzia India mwaka 1875, katika mji wa Jubbulpore, ambao leo unaitwa Jabalpur. Kulikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza, msimu wa mvua, na maofisa vijana wasio na la kufanya. Mmoja wao aliitwa Neville Chamberlain, na kabla hujaruka, si yule waziri mkuu aliyeenda kuongea na Hitler. Huyu alikuwa luteni wa miaka 19. Walikuwa wanacheza mchezo wa mipira myekundu 15 na mmoja mweusi, na ukawachosha. Wakaongeza rangi nyingine ili dau lipande. Ndiyo, dau. Huu mchezo wa heshima na vizibao ulizaliwa kwa beti, kama tu vile sisi hucheza ya soda hapa Githurai.

Jina nalo lilikuwa tusi dogo. Katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, kuruta wa mwaka wa kwanza aliitwa snooker, yaani mshamba asiyejua lolote, kama vile sisi hucheka mono wa Form One. Siku moja ofisa mmoja akakosa mpira rahisi, Chamberlain akamwita jina hilo. Kisha ili asimkasirishe, akasema kwa huu mchezo mpya sote ni makuruta. Jina likabaki. Kumbe kila mara mchezaji bora duniani akiingia ukumbini, jina la mchezo wake bado linamwambia yeye ni mono.

Mwaka 1882 sheria za kwanza zilibandikwa kwenye ukuta wa klabu ya Ootacamund, mji wa milimani huko India ambako maofisa walikimbilia joto likizidi. Miaka mitatu baadaye bingwa wa biliadi kutoka Uingereza, John Roberts, alikutana na Chamberlain huko India akataka kujua huu mchezo ni upi. Ukaanza safari ya kwenda Uingereza.

Lakini hapa kuna kitu ambacho nilipenda. Hadithi hii yote tunaijua hasa kwa sababu Chamberlain mwenyewe aliandika barua gazetini mwaka 1938, akiwa mzee, miaka 63 baada ya ile mvua ya Jubbulpore. Watu wengine walikuwa wameanza kudai mchezo ni wao. Mwandishi Compton Mackenzie akamtetea mwaka 1939, na tangu hapo ikakubalika. Yaani hata asili ya mchezo ni kama ubishi wa base: mzee mmoja anasema "nilikuwepo," na wengine wanaamua kama watamwamini.

Chama cha biliadi cha Uingereza kilitoa sheria rasmi za snuka mwaka 1900. Mwaka 1919 vyama viwili viliungana na sheria zikapangwa upya, na ndipo ikaingia ile ya kurudisha mpira mweusi mezani pointi zikilingana, ili kila fremu iwe na mshindi. Mwaka 1927 Joe Davis akaandaa mashindano ya kwanza ya dunia, fainali ikachezwa Birmingham, akashinda 20–11 dhidi ya Tom Dennis. Zawadi yake ilikuwa pauni 6 na shilingi 10. Davis akaendelea kushinda kila mashindano ya dunia hadi 1946, mara 15 bila kupigwa hata moja, kisha akajitoa mwenyewe.

Sheria huandikwa vipi? Wengi wetu hudhani kuna wazee wenye hekima waliofikiria kila kitu mapema. Hapana. Mara nyingi mtu hupata mwanya, anautumia mpaka watu wanachoka, ndipo sheria inakuja mbio nyuma yake. Kwenye biliadi, ndugu mkubwa wa snuka, kulikuwa na Mwaustralia aitwaye Walter Lindrum. Mwaka 1932, akicheza dhidi ya huyo huyo Joe Davis, alipata pointi 4,137 mfululizo bila kutoka mezani. Alikuwa anaisukuma mipira kando ya ukuta, kidogo kidogo, kama mtu anayechunga kondoo. Hakuvunja sheria yoyote. Wakabadilisha sheria kumzuia, wakalazimisha mpira uvuke mstari wa upande wa pili wa meza kila baada ya pointi kadhaa. Lakini snuka ilikuwa imeanza kuwapokonya mashabiki.

Na sheria pia huweza kumnyima mtu haki yake kwa muda. Mnamo Januari 1955, Joe Davis alipiga 147 mjini London. Chama kikakataa kuitambua. Sababu? Wachezaji wa kulipwa walikuwa wakitumia kanuni ambayo haikuwa kwenye kitabu cha chama: kwamba mtu akifanya fauli, unaweza kumlazimisha yeye mwenyewe apige tena. Davis alingoja hadi 1957 ndipo wakakubali. Chekesho ni kwamba ile kanuni yenyewe leo ni ya kawaida kila mahali. Ndiyo hiyo hiyo Fundi alikuwa anaipigia kelele kwa simu, au tuseme dada yake.

Kuna mwingine, John Spencer. Mwaka 1979 alipiga 147 kwenye mashindano, lakini mashimo ya ile meza yalikuwa mapana kuliko kipimo rasmi, kwa hivyo haikuhesabiwa, na kamera nazo hazikuwa zinarekodi. Miaka mitatu baadaye, Januari 1982, Steve Davis akapiga 147 ya kwanza rasmi kuonyeshwa kwenye runinga, akapewa gari aina ya Lada. Mpinzani wake aliyekuwa amekaa kwa kiti akitazama? John Spencer. Mimi ningekula chaki.

Nilipeleka haya yote base kama mtu anayepeleka kuni. Tukawa na mazoea: kila jioni mtu anakuja na fumbo. Fundi alileta hili: umefanya fauli, na sasa mimi siwezi kuona mwekundu wowote vizuri kwa sababu ya fauli yako. Refa ananipa mpira huru, yaani naweza kuchagua rangi yoyote ijifanye ni mwekundu. Nikiingiza ile rangi na mwekundu wa kweli kwa pigo moja, napata ngapi? Mhasibu akasema 8. Mimi nikasema fauli. Jibu ni pointi 2: moja ya mwekundu, moja ya ule uliojifanya mwekundu.

Mhasibu naye akaleta: je, naweza kukuficha nyuma ya ule ule mpira huru? Jibu: hapana, hiyo ni fauli, isipokuwa mezani kumebaki pinki na mweusi peke yake. Halafu akatuonyesha kwamba kwa sababu ya mpira huru, 147 si mwisho wa hesabu. Ukianza na mpira huru unapata kama mwekundu wa 16, na juu kabisa ni 155. Mwaka 2004 Mscotland Jamie Burnett alipata 148 kwenye mchujo wa UK Championship. Fundi akasema hiyo ni kama kupata alama 101 kwa 100. Mhasibu akamjibu wapo walimu wa namna hiyo.

Guka alikuwa anatuangalia tu, na kila jibu alikuwa nalo kabla tumalize swali. Siku moja nikamuuliza: "Guka, haya mambo ulijifunzia wapi?"

Akaweka brashi chini. Alituambia kwamba miaka ya sabini, akiwa kijana, aliajiriwa kwenye chumba cha biliadi cha klabu moja ya wakubwa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupiga meza brashi, kutoka upande ule wa mstari wa kuanzia hadi upande wa mpira mweusi, kwa sababu kitambaa kina manyoya na yanaelekea upande mmoja. Alikuwa anakipiga pasi pia. Alirudisha rangi mahali pake, akaweka hesabu ubaoni, akashika fimbo ya msaada mtu asipofika. Mara nyingi ndiye alikuwa refa. Wanachama walikuwa wanabishana, wanamgeukia yeye, na neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

"Ulicheza na kina nani?" Mhasibu akauliza.

"Kucheza?" Guka akacheka. "Miaka sita sikuwahi kupiga mpira hata mmoja kwa ile meza. Mfanyakazi haruhusiwi. Nilikuwa najua kila sheria ya mchezo ambao si wangu."

Hapo nikaelewa kitu kuhusu zile kurasa nilizokuwa nasoma. Klabu za aina hii zilikuja na ukoloni. Muthaiga ilifunguliwa mwaka 1913, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia klabu za walowezi kwa mlango wa jikoni, akiwa amebeba sinia. Ni watu wale wale wa Jubbulpore na Ootacamund, au watoto wao. Ndani ya kile chumba waliaminiana sana. Mchezo wao ulijengwa juu ya neno la mtu: ukigusa mpira na hakuna aliyeona, wewe mwenyewe unasema. Nje ya kile chumba walichukua nchi nzima na hakuna aliyesema fauli. Huyo Chamberlain mwenyewe alikuja kuwa mkuu wa polisi wa kifalme kule Ireland, akajiuzulu baada ya uasi wa Pasaka wa 1916.

Kwa hivyo kuna mtu ataniambia: basi achana na mchezo wa wakoloni. Nimelifikiria hilo, na sikubali. Kwa sababu mchezo haukubaki kwao. Ulishuka hadi kwa wachimba migodi. Joe Davis alikulia eneo la migodi ya makaa ya mawe huko Derbyshire. Ray Reardon wa Wales, bingwa wa dunia mara sita miaka ya sabini, alikuwa mchimba makaa ya mawe kabla ya kuwa polisi, na mwaka 1957 alifukiwa na mwamba kwa saa tatu akatolewa hai. BBC ilianza kipindi chake cha Pot Black mwaka 1969 ikitafuta kitu cha kuonyesha uzuri wa runinga ya rangi, na mchezo wa rangi nane ukawa jibu. Mwaka 1985 watu milioni 18.5 Uingereza walikesha hadi baada ya saa sita usiku kuona Dennis Taylor akimshinda Steve Davis 18–17 kwa mpira mweusi wa mwisho wa fremu ya mwisho. Taylor alikuwa ameanza kwa kuwa nyuma 8–0. Wale hawakuwa maofisa wa jeshi. Walikuwa watu wa kazi wamekaa sebuleni, kesho yake wanaamkia shifti.

Na ile sheria ya kusema fauli yako mwenyewe ilishuka nao. Hilo ndilo linanishangaza zaidi. Mpaka leo, kwenye mechi ya pesa nyingi, utaona mchezaji anasimama ghafla, anainua mkono, anamwambia refa kwamba nguo yake imegusa mpira. Refa hakuona. Mpinzani hakuona. Anarudi kukaa, mwenzake anachukua pointi.

Tuliiona kwa simu siku moja. Fundi akasema huyo ni mjinga. Guka hakusema kitu. Mimi nilijifanya naangalia chaji.

Sababu ni hii. Kabla ya ile Jumamosi ya mvua, wiki mbili hivi, nilicheza pool na Guka. Mia tano kwa mia tano. Tulikuwa karibu sawa, mimi nimebakisha mipira miwili na mweusi. Guka akageuka kumpa mteja chenji. Nilipoinama kupiga, mkono wa hudi yangu ukagusa ule mweusi. Ulisogea kiasi cha ukucha. Nikanyamaza. Nikapiga, nikaingiza, nikaingiza tena, nikamaliza na mweusi, ambao sasa ulikuwa umekaa vizuri zaidi. Guka akatoa noti mbili za mia mbili na moja ya mia kutoka mfuko wa ndani wa koti. Akasema, "Umecheza." Nikala chipo na kuku na ile pesa.

Mia tano si pesa kubwa, najua. Lakini kila fumbo tulilokuwa tunaleta kuhusu fauli, nilikuwa najisikia kama mtu anayefundisha kanisani akiwa na sadaka mfukoni.

Usifikiri ni mimi peke yangu. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa kwa kesi ya kupanga matokeo. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Miongoni mwa wengine kulikuwa na Zhao Xintong, kijana mwenye kipaji ambacho hata mimi nisiyejua kitu naweza kukiona. Yeye hakuuza mechi yake mwenyewe, lakini alikubali kwamba alihusika mwenzake alipopanga mechi mbili, na kwamba alibeti. Akafungiwa miezi 20. Akalipa, akarudi kuanzia chini, kwenye mchujo, bila hata kadi ya mchezaji wa kulipwa. Mei 2025, pale Sheffield, akamshinda Mark Williams 18–12 akawa bingwa wa dunia, Mwasia wa kwanza.

Watu walibishana sana kama alistahili. Msimamo wangu ni kwamba walichanganya maswali mawili. Kuna fauli, na kuna kukosa. Fauli unalipa, hesabu inaandikwa, imeisha. Lakini ile sheria ya kukosa inaongeza kitu: inakurudisha pale pale ulipokwepa, mbele ya ile shida ile ile, na kukuuliza kama safari hii utajaribu kweli. Kwa watu wengi maishani hakuna refa wa kurudisha mpira. Lazima urudishe mwenyewe.

Ndiyo nikaenda base Jumanne asubuhi, kabla watu wengine wafike. Guka alikuwa anapiga meza brashi, kwa mwelekeo mmoja, ingawa kitambaa cha meza zetu kimeisha manyoya kitambo. Nikamwambia. Nilijaribu kuizungusha mwanzoni, halafu nikaitoa tu: "Guka, ile siku ya mia tano, niligusa mweusi."

Hakusimama. "Najua."

"Uliona?"

"Sikuona. Lakini mimi naujua mpira uliokuwa hapa na sasa uko hapa. Nililipwa miaka sita kwa hiyo kazi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwani mimi ndio niligusa?"

Nikatoa mia tano nikampa. Akaiangalia, akaiweka ukingoni mwa meza, hakuichukua. Kisha akaanza kutoa mipira. Akaweka miwili yangu. Akaweka yake mitatu. Akaweka mweusi, akausogeza kiasi cha ukucha, akarudi nyuma akatazama, akausogeza tena kidogo. Akaweka mweupe. Wiki zilikuwa zimepita, na mimi nilikuwa siwezi hata kukumbuka nilivaa nini siku ile.

"Piga," akasema.

Nilipandisha mikono ya hudi hadi kwenye viwiko. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukagonga ukingo wa shimo ukatoka. Guka akachukua fimbo yake, akaingiza mitatu bila haraka, akataja shimo la mweusi, akauingiza.

Akachukua mia tano yake ukingoni. Halafu akanyoosha mkono.

"Na yako," akasema. "Tulicheza mia tano kwa mia tano."

Fundi anasema nilionewa. Mpaka leo tunabishana.